Chemsha Bongo Ilitoka Wapi? Na Kwa Nini Nina Deni Bungoma

Naomba kwanza nikiri jambo moja, kisha nikusimulie historia.

Wale waliokuwepo usiku ule wa Ramadhan iliyopita, baada ya tarawehe, vijana wa Kitale waliposhindana na vijana wa Bungoma kwa maswali na majibu, wanakumbuka Kitale walishinda pointi 41 kwa 40. Wakabeba zawadi, ile sufuria kubwa ya kupikia pilau. Muulizaji nilikuwa mimi. Swali la mwisho lilikuwa la Bungoma, na lilisema hivi: mlima wa pili kwa urefu nchini Kenya ni upi, na kilele chake cha juu kabisa kinaitwaje? Akasimama dada mmoja wa darasa la nane, mdogo kuliko wote katika timu yake. Akajibu bila kusita: Mlima Elgon, kilele Wagagai. Nikatazama karatasi yangu. Karatasi ilisema Koitobos. Nikampa pointi moja ya mlima, ya kilele nikamnyima.

Akaniambia kwa adabu, "Lakini Ustadh, Wagagai ndiyo iko juu."

Nikamjibu, "Dada, karatasi imeshasema." Watu wakacheka, Kitale wakapiga takbir, mambo yakaisha. Nilidhani yameisha.

Niliporudi chuoni nikaingia maktaba kuangalia. Kilele cha Wagagai kina mita 4,321 na ndicho cha juu kuliko vyote katika Elgon. Koitobos kina mita 4,222. Yule dada alikuwa sawa. Mimi niliyeshika kipaza sauti ndiye niliyekosea, na swali nilikuwa nimelinakili kutoka kijitabu cha maswali bila hata kulitafakari. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, hivi huu mchezo wa kuulizana maswali ulianza wapi, na nani aliipa karatasi uwezo wa kumshinda mtu anayejua?

Tuanze kwetu Waislamu. Katika Sahihi yake, ndani ya Kitabu cha Elimu, Imam Bukhari ameweka mlango mzima unaohusu imamu kuwatupia wenzake swali ili apime walichonacho katika elimu. Hiyo ni chemsha bongo, bana, huwezi kuiita jina lingine. Kisa kilichomo ni cha Abdullah bin Umar (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba juu ya mti ambao majani yake hayapukutiki na mfano wake ni mfano wa Muislamu, wamwambie ni mti gani. Watu mawazo yakawaenda kwenye miti ya jangwani. Ibn Umar moyoni alijua kwamba ni mtende, lakini alikuwa mdogo kuliko wote pale, na wakubwa kama Abu Bakr na baba yake Umar wamenyamaza, akaona haya. Mtume (S.A.W.) akatoa jibu mwenyewe. Baadaye Ibn Umar alipomwambia baba yake, Sayyidna Umar alisikitika. Alisema kwamba lau kijana wake angelisema lile jibu, lingempendeza kuliko kupata mali kadhaa wa kadhaa.

Mimi kisa hiki nilikisoma madrasa nikiwa mtoto, na kila mara kilifundishwa kama kisa cha mtoto mwenye adabu. Sasa nakisoma upande wa pili. Umar alitaka mdogo aseme. Na mdogo wa Bungoma alisema, akanyamazishwa na karatasi.

Iko pia ile hadithi ya Jibril (A.S.), aliyekuja kwa sura ya mtu mwenye nguo nyeupe mno na nywele nyeusi mno, akauliza kuhusu Uislamu, Imani, Ihsani, halafu Kiyama. Kwa swali la Kiyama Mtume (S.A.W.) alijibu kwamba anayeulizwa hajui zaidi ya anayeuliza. Mwisho masahaba wakaambiwa kuwa yule alikuwa Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao. Angalia hapo: aliyeuliza ndiye anayeitwa mwalimu.

Karne chache baadaye maulizano yalikuwa makali. Inasimuliwa kwamba Imam Bukhari (aliyefariki mwaka 256 Hijria, yaani 870) alipoingia Baghdad, wanazuoni wa mji walitaka kumjaribu. Wakachukua hadithi mia moja, wakazichanganya kwa makusudi, wapokezi wa hadithi hii wakawekwa kwenye maneno ya ile. Wakawagawia watu kumi, kila mmoja hadithi kumi. Wa kwanza akasoma zake moja moja, Bukhari akawa anajibu kila moja kwamba haijui. Wa pili hivyo hivyo, mpaka wa kumi. Wasiojua wakaanza kumdharau, wakaona jamaa ameshindwa. Walipomaliza akamgeukia wa kwanza akamwambia hadithi yako ya kwanza uliisema hivi na sahihi yake ni hivi, mpaka akamaliza zote mia kwa mpangilio wake. Ibn Hajar alisema jambo ambalo linanifurahisha sana, kwamba ajabu siyo kuwa Bukhari alijua yaliyo sahihi, kwa sababu alikuwa hafidh. Ajabu ni kuwa aliyahifadhi makosa yao kwa mpangilio ule ule waliomtupia, kwa kusikia mara moja.

Wakati tunawataja wakubwa, Imam Malik wa Madina (aliyefariki 179 Hijria) inasimuliwa aliulizwa maswali 48, akajibu 32 katika hayo kwa neno moja, sijui. Katika mashindano yetu Imam Malik angelitolewa raundi ya kwanza.

Na kama unataka chemsha bongo ya kila somo, kama hizi zetu za dini na jiografia na sayansi na michezo zote ndani ya karatasi moja, basi utaikuta katika hikaya za Alfu Lela U Lela, kisa cha kijakazi Tawaddud. Hiki ni kisa cha kutunga, siyo historia, tusichanganye. Lakini kinatuonyesha watu wa zamani walipenda nini. Tawaddud analetwa mbele ya Khalifa Harun Rashid, wanaitwa wanazuoni wa kila fani, wanamuuliza fiqhi, Qur'ani, utabibu, nyota, mpaka sataranji. Anawajibu wote, halafu anawauliza yeye, na wanaoshindwa wanavuliwa majoho yao. Kisa hicho kilivuka bahari kikafika Hispania, kikasimuliwa huko kwa Kihispania. Yaani kabla ya televisheni kuwapo duniani watu walikuwa tayari wanakaa kumsikiliza binti mmoja akiwashinda wazee kwa majibu.

Huku kwetu Afrika Mashariki tulikuwa na kitendawili. Hata nyanya yangu ambaye hakuingia shule alikuwa muulizaji hodari. Anasema "Kitendawili!" tunajibu "Tega!" na anatega. Kila msomaji anaujua mchezo, lakini hebu ifikirie ile sehemu ya mwisho. Mkishindwa, mtegaji hatoi jibu bure. Anasema "Nipeni mji." Mnampa mji, mnataja Mombasa, au Kisumu, au Kampala. Anaweza kuukataa, aseme hautaki, aongezewe. Akiridhika anauingia: nilikwenda Mombasa, watu wa Mombasa wakanipokea, wakanipikia, mpaka ndipo anafungua jibu. Sisi watoto wa Kitale hatukuwahi kumpa Kitale hata siku moja. Tuliuona mji wetu hautoshi kulipia kitendawili. Tulitoa miji ya watu.

Nafikiri hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, na shule ikauongeza. Mtihani wa KCPE ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023 ulitulea na majibu manne, A, B, C na D, na penseli ya kupaka. Jibu lilikuwa limeshaamuliwa kabla hujaingia chumbani. Sikatai, mtihani ule umetupitisha wengi, mimi mmoja wao. Lakini ulitufanya tuamini kwamba kila swali lina jibu moja, nalo liko kwa mwenye karatasi.

Nje ya shule, chemsha bongo ikawa biashara, na biashara hiyo ilianza kwa ubishi tu. Mwezi Novemba 1951 Sir Hugh Beaver, mkubwa wa kampuni ya Guinness (ambayo kazi yake ni pombe, Allah atuepushe nayo), alikuwa akiwinda ndege huko Wexford, Ireland. Akawakosa ndege, ukazuka ubishi ni ndege gani wa kuwindwa aliye na kasi zaidi Ulaya. Hawakupata kitabu cha kukata shauri. Akaona hapo pana soko, kwa sababu watu wanabishana kila usiku. Mwaka 1955 kikatoka kitabu cha rekodi za dunia, kikiandaliwa na ndugu wawili mapacha, Norris na Ross McWhirter. Baadaye, mwaka 1979, waandishi wawili wa Canada, Chris Haney na Scott Abbott, wakabuni mchezo wa mezani wa maswali uitwao Trivial Pursuit. Mwaka 1998 Waingereza wakaanzisha kwenye televisheni ule mchezo wa kutafuta milionea kwa maswali 15, ukaenea nchi nyingi. Na kwetu, mwishoni mwa miaka ya 2000, vyuo vikuu vya Afrika vilishindana kwenye Celtel Africa Challenge, iliyokuja kuitwa Zain Africa Challenge, muulizaji akiwa Mkenya John Sibi-Okumu. Kaka zetu wanaikumbuka vizuri.

Sasa sikiliza hii, maana inafanana na ya Baghdad kwa namna ya ajabu. Mmarekani mmoja, Fred Worth, aliandika kamusi ya mambo madogo madogo. Ili awanase watakaomuibia, alitia uongo mmoja kwa makusudi. Kulikuwa na mpelelezi wa filamu za televisheni aitwaye Columbo ambaye jina lake la kwanza halikuwa likitajwa. Worth akaandika kwamba anaitwa Philip, jina alilolitunga mwenyewe. Trivial Pursuit ilipotoka, jibu la "Philip" lilikuwemo. Mwaka 1984 akawashtaki akidai mamilioni ya dola, akashindwa, kwa sababu mahakama iliona kwamba habari za ukweli haziwi mali ya mtu mmoja. Uongo uliotegwa Baghdad ulimkuta Bukhari. Uongo uliotegwa Marekani ulipita mpaka sebuleni kwa watu na ukahesabiwa kuwa pointi. Na mimi nilikuwa upande gani usiku ule? Jibu nimeshakupa.

Basi nikachukua kile kijitabu nilichonakili maswali nikakipitia chote, nione kinasemaje kuhusu sisi. Wallahi kina swali kuhusu mto mrefu wa Amerika ya Kusini na swali kuhusu mji mkuu wa Mongolia. Kuhusu Kitale kina moja tu, na Bungoma haimo kabisa.

Hilo moja la Kitale linauliza, jumba la makumbusho la kwanza bara nchini Kenya ni lipi? Jibu lake, Kitale. Utalisikia kila mahali. Ukweli wake ni huu: Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa kukusanya vipepeo, ndege, vitabu na vyombo vya makabila, alianzisha makumbusho yake hapa mwaka 1926, na baada ya kufa kwake mwaka 1966 mkusanyo ukaachiwa taifa, ndipo tukapata jumba hili tunaloenda na wanafunzi. Lakini Nairobi nayo iko bara, sivyo? Na makumbusho ya Nairobi yalianza mwaka 1910. Kwa hiyo Kitale inaweza kuwa ya kwanza kati ya makumbusho ya mikoani, hilo nalikubali, ila swali lilivyoandikwa lina kasoro. Neno moja likikosekana, jibu linageuka.

Na yako maswali ambayo hayajaulizwa. Ni wapi duniani ambapo ndovu huingia pangoni usiku, gizani totoro, kuchimba chumvi kwa pembe na kuilamba? Ni pango la Kitum, Mlima Elgon, safari fupi tu kutoka Kitale. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika Elgon mwaka 1883 akaona mapango, akadhani yamechimbwa na watu wa kale waliostaarabika. Hakuwafikiria ndovu. Watoto wa Endebess wangeweza kumsahihisha.

Bungoma jina lake lina maana gani? Wako wanaosema limetokana na ngoma, na wako wanaosema limetokana na Wabong'om, jamii iliyokaa pale zamani. Muulize mzee mmoja upate moja, muulize jirani yake upate ya pili. Swali kama hilo huwezi kuliwekea A, B, C, D.

Lipo moja lililo zito, nami nitalisema hata kama Ramadhan tunapenda ya furaha. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na Waingereza, kwanza Lumboka, kisha Chetambe, kile kilima kilicho juu ya Webuye. Kikosi cha C. W. Hobley kilikuwa na bunduki na bombomu, wenyeji walikuwa na ngome yao ya handaki na ukuta wa udongo. Wabukusu walishindwa na watu wengi waliuawa. Sasa, Uislamu wetu huku magharibi ulipitia Mumias, kwa wafanyabiashara Waswahili wa pwani waliopiga kambi kwa Nabongo Mumia. Ni habari njema na tunaisimulia kila maulidi. Lakini ni Mumias hiyo hiyo Waingereza walipoweka kituo chao, na katika jeshi lililopanda Chetambe walikuwemo askari Wasudani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Kijana wa Kibukusu aliyesilimu anaulizwa na babu yake swali hili nyumbani. Sisi kwenye chemsha bongo tunamuuliza mji mkuu wa Mongolia.

Turudi kwa Elgon. Nilipoendelea kusoma nikaona kosa langu lina ngazi mbili. Wagagai ndicho kirefu kuliko vyote, lakini kiko Uganda. Koitobos kiko Kenya. Halafu kiko kingine, Sudek, kilichokaa mpakani kabisa, nacho ni kirefu kuliko Koitobos. Kwa hiyo jibu la kijitabu halikuwa sahihi kwa vyovyote. Ukiuliza kilele cha mlima mzima, ni Wagagai. Hata ukiuliza sehemu ya juu kabisa inayogusa ardhi ya Kenya, bado siyo Koitobos. Mlima ni mmoja, aliyeukata ni mkoloni kwa kalamu, na swali langu likaukata mara ya pili.

Mwezi wa Shaabani nikapanda matatu Kitale, tukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu. Elgon alikuwa mkono wa kulia mpaka mawingu yakamfunika. Webuye nikaangalia juu kule Chetambe. Nilipofika Bungoma nikaenda kwanza kwa mwalimu wa madrasa yao, kwa sababu si adabu kumfuata binti wa watu moja kwa moja. Maalim akamwita pamoja na babake, tukakaa barazani. Nikaeleza yote, na kitabu nilikuwa nimekibeba.

Mzee akacheka akasema, "Kijana, umetoka Kitale kote huko kwa ajili ya pointi moja?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Nikamuuliza dada alijuaje. Akasema mjomba wake anakaa Mbale, na likizo wakienda huko, mlima wanauona kwa upande ule mwingine, na watoto wa huko ndio waliomwambia jina. Halafu akauliza, "Sasa Ustadh, pointi yetu?"

Nikaipeleka kwa kamati. Mjadala haukuwa mfupi. Wako waliosema matokeo ni matokeo, na firimbi ikishalia mpira umekwisha. Mmoja akasema tukifungua mlango huu kila mtu atakuja na kitabu. Nikawasomea kile kisa cha Ibn Umar na mtende, nikakaa kimya. Katibu akachukua daftari la mwaka jana, akakata 40 akaandika 41, akaweka sahihi.

Kwa hiyo matokeo ni sare. Sufuria imeshakaa Kitale mwaka mzima, na wamama wa Kitale wameshaizoea, walikuwa hawataki kusikia. Imekubaliwa itapikia futari Kitale mpaka mwezi kumi na tano, halafu itapandishwa juu ya matatu iende Bungoma imalize Ramadhan huko. Nauli ya sufuria nalipa mimi. Maswali ya mwaka huu yatatungwa na timu zote mbili, kila timu ilete ishirini, na kumi kati ya hayo yawe ya Trans Nzoia na Bungoma. Yule dada tayari ameleta yake. Nimeyasoma, na matatu yamenishinda.